Punje ya mchanga kati ya mafuta na maji: mwongozo kamili wa kuiona ikivuka, kuipima na kujua kwa nini inakwama

Chukua glasi yenye maji chini na mafuta ya alizeti juu, kisha nyunyiza humo mchanga mkavu. Kwa hesabu ya uzito, kila punje inapaswa kufika chini: densiti (gramu kwa kila mililita) ya mchanga wa kwatsi ni 2.65, ya maji ni 1.0, na ya mafuta ya alizeti ni karibu 0.92. Lakini nyingi hazifiki. Zinazama ndani ya mafuta vizuri, zinafika mpakani, pale mafuta yanapokutana na maji, kisha zinaning'inia hapo hata siku nzima. Mchanga uleule ukiulowesha maji kwanza unapita moja kwa moja.

Uzito una sehemu yake, lakini mara nyingi kinachoamua ni kimiminika kilichotangulia kuilowesha punje. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuliona jambo hilo kwa vifaa vinavyopatikana Mwanza, kulipima kwa namba, na kulitumia kwenye dumu la petroli ya boti au pipa la mafuta ya alizeti. Unamfaa mwalimu wa fizikia, mwanafunzi anayeandaa mradi, na yeyote anayesumbuliwa na uchafu usiotaka kutua.

Chombo

Glasi ya duara inatosha kwa kutazama tu, ila kwa kupima haifai, kwa sababu kioo kilichopinda hukuza na kuvuta picha. Mwambie fundi vioo akukatie vioo vya milimita 4: viwili vya sentimita 10 kwa 22, viwili vya sentimita 10.8 kwa 22, na kitako cha sentimita 10.8 kwa 10.8. Vile vyembamba vinakaa katikati ya vile vipana, na ndani unapata mraba kamili wa sentimita 10 kwa 10. Gundisha kwa silikoni ya vioo, acha ikauke saa 24 au zaidi mpaka harufu ya siki iishe, kisha jaza maji uone kama kinavuja. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kila sentimita moja ya kina ni mililita 100, kwa hiyo lita moja ya maji inakupa kina cha sentimita 10 bila hesabu ya ziada.

Vingine: lita moja ya mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, rula yenye milimita, kibano chembamba, kipimajoto, vijiko viwili, sufuria, chekeche mbili au tatu zenye matundu tofauti, karatasi nyeupe, taa, na simu yenye uwezo wa kurekodi mwendo wa polepole wa picha 120 au 240 kwa sekunde. Gololi chache za baiskeli zitasaidia baadaye. Zile za pedeli zina kipenyo cha karibu milimita 3 hadi 4, na fundi baiskeli huwa na zilizochakaa kwenye kopo.

Osha chombo kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, halafu suuza mpaka povu liishe kabisa. Likiisha, suuza tena mara tatu. Huku si kutia chumvi: mvutano kati ya mafuta safi ya alizeti na maji, yaani nguvu inayoufanya mpaka wao ujikaze kama ngozi, ni karibu milinyutoni 25 kwa mita, na mabaki ya sabuni yasiyoonekana kwa macho yanaweza kuushusha hadi sehemu ndogo tu ya hapo. Ukipima juu ya mabaki hayo, unachokipima ni sabuni.

Mchanga

Mchanga wa ufukwe wa Luchelele au Igombe unafaa sana, maana umetokana na miamba ya matale (graniti) iliyozagaa Mwanza nzima na una kwatsi kwa wingi. Chota ule mkavu wa juu, ulioachwa mbali na maji. Usiingie majini kuutafuta, kwani konokono wanaobeba kichocho wamo pembezoni mwa ziwa na hakuna sababu ya kuwapelekea miguu.

Uoshe kwenye ndoo, ukimwaga maji ya tope na kuongeza mengine mpaka maji yabaki meupe. Kisha mimina siki ukae nao nusu saa. Vipande vya makombe vitatoa vipovu na kuanza kuyeyuka. Suuza tena, anika mpaka ukauke kabisa, ndipo ukaange kwenye kikaango kikavu juu ya mkaa kwa dakika 30 huku ukigeuzageuza. Mabaki ya mimea, mwani na mafuta ya mikono huungua hapo. Ukiukaanga ukiwa bado na unyevu, kokoto ndogo zinaweza kupasuka na kuruka, kwa hiyo usiruke hatua ya kuanika. Ukishapoa usiushike kwa vidole. Tumia kijiko.

Sasa uchekeche upate makundi manne: chini ya nusu milimita, nusu hadi moja, moja hadi mbili, na mbili hadi nne. Usiamini jina la chekeche dukani. Weka rula juu ya wavu, hesabu matundu yaliyomo katika sentimita 2, kisha ondoa unene wa waya. Kwa uhakika zaidi, panga punje 20 kwa mstari kando ya rula na ugawanye urefu kwa 20. Toa vipande bapa vinavyometameta, ambavyo ni ulanga. Umbo lake la bapa huufanya uning'inie hata pale punje ya duara yenye uzito uleule ingezama, na utakuvurugia matokeo.

Shanga za kioo huonekana kama mbadala mzuri kwa kuwa ni za duara. Tatizo lake ni tundu. Hewa hubaki ndani, na kipovu kimoja kinatosha kuibeba shanga.

Maji na mafuta

Maji ya ziwa yaliyochotwa moja kwa moja hayafai. Ghuba ya Mwanza ina mwani mwingi, na vitu vinavyotoka kwenye mwani hupanda mpakani na kutengeneza utando laini unaozishika punje. Tumia maji ya bomba, uyachemshe dakika 10 ili hewa iliyoyeyuka itoke, uyafunike yapoe usiku mzima. (Kwa mwinuko wa Mwanza, mita 1,134 na zaidi juu ya usawa wa bahari, yatachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo usidhani kipimajoto chako ni kibovu.) Maji yasiyochemshwa hutoa vipovu kwenye punje baada ya saa moja au mbili, na punje iliyokuwa imetulia chini huanza kupanda.

Mimina maji kwanza, sentimita 10. Kisha weka mgongo wa kijiko karibu kabisa na uso wa maji na umiminie mafuta juu yake taratibu, kama dakika tano nzima, mpaka yafike kina cha sentimita 8. Ukimwaga kwa haraka, matone ya maji yatabaki yakielea ndani ya mafuta na matone ya mafuta yatakwama chini ya mpaka. Acha vitulie saa mbili au tatu. Pima joto la mafuta na uliandike kila mara unapoanza, kwa kuwa mnato wa mafuta, yaani ugumu wake wa kutiririka, hubadilika sana: yanapotoka nyuzi 20 asubuhi kwenda 30 mchana hupoteza karibu theluthi ya mnato wake.

Angalia pia jinsi mpaka unavyopinda kwenye kioo. Kioo safi kinapenda maji, hivyo maji hupanda kidogo ukutani na katikati panakuwa pa chini. Punje nzito huteleza kuelekea katikati. Ukiziona zinakimbilia ukutani, kioo kilipata mafuta kabla ya maji. Mwaga, osha, anza upya.

Kudondosha punje

Weka taa nyuma ya chombo, karatasi nyeupe kati ya taa na chombo, na simu mbele, lenzi ikiwa sawa kabisa na kimo cha mpaka. Ukiiweka juu kidogo, ukitazama chini kupitia mafuta kwa pembe ndogo, mpaka unageuka kioo cha kujitazamia na huoni chochote kinachoendelea upande wa maji. Hili ndilo linaloharibu video nyingi.

Punje zote zianzie ndani ya mafuta, si juu yake. Ziweke kwenye kijiko chenye mafuta kidogo, zikoroge mpaka hewa itoke, kisha shika moja kwa kibano, ichovye sentimita moja chini ya uso, katikati ya chombo, na uiachie.

Kabla haijafika mpakani itumie kukagua vipimo vyako. Chora alama mbili kwenye kioo umbali wa sentimita 5 na upime muda. Punje ya nusu milimita ndani ya mafuta ya nyuzi 25, yenye mnato wa karibu paskali-sekunde 0.055, inakwenda kama milimita 4 kwa sekunde, yaani sekunde 12 hivi kwa sentimita 5. Ya milimita moja inakwenda karibu mara nne ya hapo, kwa sababu mwendo hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Ukipata tofauti kubwa, ama ukubwa wa punje si ule unaodhani, ama joto limebadilika, ama kuna kipovu.

Kinachotokea mpakani

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, na ndipo mwendo wa polepole unapolipa.

Punje inapobakiza umbali kama wa kipenyo chake, inapunguza mwendo ingawa haijagusa kitu. Mafuta yaliyo chini yake lazima yaondoke kupisha, na nafasi inazidi kuwa nyembamba. Mpaka unaanza kubonyea, kama turubai lililotuamisha maji ya mvua. Kwa wakati huu punje bado haijagusa maji hata kidogo: kati yake na maji upo utando wa mafuta unaotiririka kwenda pembeni. Punje nyepesi inakaa hapo ikisubiri, pengine sekunde chache, pengine dakika. Punje yenye kona kali husubiri kidogo tu, maana ncha yake hutoboa utando mapema. Iliyo laini na ya mviringo hukawia.

Kisha utando unapasuka. Kwenye video ya picha 120 hili hutokea ndani ya picha moja au mbili: punje inaruka kidogo kuelekea chini na mstari wa mguso unapanda ubavuni mwake. Maji yanajaribu kuilowesha, mafuta yanang'ang'ania. Mahali mstari huo unaposimama panategemea pembe ya mguso, yaani pembe kati ya mpaka na uso wa punje pale vinapokutana, ambayo tutaipima kupitia maji. Kwatsi iliyo safi kabisa na yenye asili ya kupenda maji ina pembe ndogo. Kwatsi iliyokaa ndani ya mafuta na kuvikwa asidi zake ina pembe ya nyuzi 90 au zaidi. Kwenye punje zenye kona, mstari hunasa kwenye ukingo na kubaki hapo, ndiyo maana mbili zinazofanana kwa ukubwa hutoa majibu mawili tofauti. Usiandike hitimisho kwa punje chini ya 20 kwa kila kundi. Hesabu ngapi zimebaki mpakani baada ya dakika 5.

Vitu vizito havipiti njia hii. Achia gololi ya pedeli: inafika mpakani kwa kasi, inausukuma chini bila kusubiri utando uishe, na inashuka ndani ya maji ikiburuta mkia wa mafuta nyuma yake. Mkia unakuwa mwembamba, unakatika, unagawanyika matone yanayopanda juu. Yakifika chini ya mpaka nayo yanasita kabla ya kuungana na mafuta yenzake, kwa sababu ileile ya utando, safari hii utando wa maji. Gololi inaweza kutua chini ikiwa bado imevaa kofia ya mafuta.

Hesabu ya ukubwa

Punje inaning'inia pale nguvu ya mvutano kuizunguka inapotosha kubeba uzito wake uliobaki baada ya kuondoa msukumo wa maji. Kwa punje ya mviringo inayoshuka kutoka kwenye mafuta, ukomo unakadiriwa hivi:

kipenyo × kipenyo = 6 × mvutano × sin²(nusu ya pembe ya mguso) ÷ (tofauti ya densiti × g)

Weka mvutano nyutoni 0.025 kwa mita, tofauti ya densiti kilo 1,650 kwa mita ya ujazo, na g, yaani mvuto wa dunia, 9.81. Kwa pembe ya nyuzi 30 unapata karibu milimita 0.8. Kwa nyuzi 60, milimita 1.5. Kwa 90, milimita 2.2. Kwa 120, milimita 2.6. Kwa chuma chenye densiti 7.8, hata ukichukua pembe ya 120, ukomo ni milimita 1.3, kwa hiyo gololi ya milimita 3 haina chaguo ila kupita.

Namba hizi zitumie kinyume pia. Tafuta kundi ambalo nusu ya punje zinabaki na nusu zinazama, chukua kipenyo chake, na hesabu itakupa pembe ya mguso ya mchanga wako kwa kukadiria. Ni njia ya bei nafuu ya kupima kitu ambacho maabara hutumia kamera maalumu.

Makundi matatu yanayothibitisha hoja

Chukua mchanga wa milimita 1 hadi 2, uugawe mara tatu. Sehemu ya kwanza itumie ikiwa kavu, kwa utaratibu ulioelezwa. Ya pili iloweke kwenye mafuta usiku kucha. Ya tatu iloweke kwenye maji, kisha iminye ukutani mwa kijiko mpaka maji ya ziada yatoke, uzichovye punje mbilimbili.

Za mafuta zitaning'inia kwa wingi kuliko kavu. Za maji zinakuja zimevaa ganda lao la maji. Linafika mpakani, linasita sekunde chache, linaungana na maji ya chini, na punje inashuka bila kushikwa, kwa kuwa haikuguswa na mafuta kabisa. Ukizichovya nyingi kwa pamoja, punje za maji zitashikamana kuwa donge ndani ya mafuta, na hutapima tena punje mojamoja.

Hata zile kavu usizirundike. Kila punje inayoning'inia inabonyeza mpaka, na inayofuata inateleza kwenye mbonyeo huo. Zinasogeleana, zinaungana kuwa jamvi, jamvi linalemea, na ghafla katikati panazama likishuka na tone zima la mafuta lililofunikwa mchanga. Ni la kupendeza kurekodi, lakini punje zake usizihesabu kama zilizopita zenyewe. Baada ya kila punje tano, zisukume zilizobaki kwa kijiti cha kioo mpaka zizame.

Jaribio la mwisho litumie sabuni, na lifanye mwisho kweli, kwa kuwa baada ya hapo chombo kinarudi kwenye kuoshwa. Kata kipande kidogo cha dumu la plastiki gumu, ukiweke mpakani pamoja na punje kumi za mchanga. Plastiki ya dumu ina densiti ya karibu 0.95, kati ya mafuta na maji. Kwa mrija mwembamba peleka tone moja la sabuni ya vyombo iliyochanganywa na maji chini kidogo ya mpaka. Mchanga utaanza kushuka, plastiki itabaki. Kilichobebwa na mvutano huanguka mvutano ukifa. Kilichobebwa na densiti hakijali.

Kwenye dumu la petroli na pipa la alizeti

Boti zinazotoka Kirumba hubeba petroli kwenye madumu ambayo huingiza maji, kutu na vumbi. Maji hukaa chini. Mchanga mzito hufika chini pia, lakini kutu laini na utelezi hukwama kati ya petroli na maji kama utando wa kahawia, na boti ikiyumba ndio unaovutwa kwanza kuelekea kabureta. Acha dumu limeegemea upande mmoja usiku kucha ili mpaka uwe kwenye kona. Asubuhi, kabla ya kulisogeza, shusha mrija mpaka kwenye kona hiyo na uvute kwa pampu ya mkono (si kwa mdomo) mililita 250 ndani ya chupa angavu ya kioo. Ukiona mstari wa maji, endelea kuvuta mpaka mrija utoe petroli tupu. Mrija wa injini usifike chini kuliko sentimita 5 kutoka kitako. Dumu lililooshwa kwa sabuni lisuuzwe na kukaushwa juani, la sivyo petroli na maji vitashikana kuwa maziwa na hata mchanga hautatua. Na jaribio la kwenye chombo cha kioo usilifanye kwa petroli.

Kwa anayekamua alizeti na kuosha mafuta kwa maji ya moto, vipande vidogo vya maganda hujipanga kwenye mpaka na kushikilia matone yasiungane. Matokeo yake ni tabaka nene la kati, si mafuta si maji. Kosa ni kukoroga kwa nguvu. Chuja mafuta kwa kitambaa kabla ya kuosha, yapashe hadi nyuzi 70 au 80, tumia maji ya moto yenye chumvi gramu 50 kwa lita, geuza kwa mwiko mkubwa polepole, kisha acha yatulie mpaka kesho yake. Chumvi inaongeza densiti ya maji, joto linapunguza mnato, na vyote viwili vinaharakisha kutengana. Toa maji kwa koki ya chini kwa mwendo mdogo, funga tabaka la kati linapotokea, na ulikusanye peke yake kwa kupashwa tena.

Mafuta ya majaribio yachuje uyaweke kwenye chupa iliyoandikwa. Jikoni yasirudi, na kwenye mtaro unaoelekea ziwani yasimwagwe.